Gama wa Lahore na Uzuri wa Mieleka

Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mieleka na Rukana, mtu aliyesifika kwa nguvu miongoni mwa Makuraishi, akamwangusha. Basi mzazi asistaajabu kuona ukurasa wa Ijumaa ukisimulia habari za mpiga mieleka.

Ghulam Muhammad, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Gama, alizaliwa Punjab mnamo mwaka 1878 katika ukoo wa Waislamu wenye asili ya Kashmir. Baba yake, naye bingwa wa mieleka, alifariki Gama akiwa mtoto mdogo, na jamaa zake ndio waliomlea na kumfunza. Mieleka ya Bara Hindi huchezwa katika shimo la udongo laini, uliochanganywa na mafuta na manjano, na wanafunzi wenyewe huulima kabla ya mazoezi. Mwanafunzi humtumikia mwalimu wake, ambaye humwita ustadhi (neno ni lile lile letu), hujiepusha na ulevi na zinaa, na huirudia mbinu moja mara maelfu mpaka mwili uijue bila kufikiri. Mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu naye huirudia alifu vivyo hivyo. Ama vazi lao huacha mapaja wazi, na katika hilo hatuwaigi, kwani wanavyuoni wengi wamelihesabu paja kuwa ni uchi.

Mwaka 1910 Gama alikwenda London, akadharauliwa kwa ufupi wake. Alimshinda Mmarekani Benjamin Roller, kisha Septemba 10 akakutana na Stanislaus Zbyszko wa Poland. Huyu alijilaza kifudifudi mkekani zaidi ya saa mbili, aking'ang'ania asigeuzwe, na pambano likaisha bila mshindi. Juma lililofuata hakutokea, Gama akapewa ushindi. Kwa mtazamo wangu, Zbyszko siku ile aliokoa jina lake lakini aliuua mchezo: fani hii haionekani mpaka wawili wathubutu kuanguka. Waliporudiana Patiala mwaka 1928, mbele ya maelfu ya watu, Gama alimlaza chali katika muda usiotimia dakika moja.

India ilipogawanywa mwaka 1947 alikuwa Lahore, na inasimuliwa kuwa aliwalinda majirani zake Wahindu dhidi ya makundi yenye hasira. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi na ufukara. Alifariki mjini humo Mei 23, 1960. Mwenyezi Mungu amrehemu.