Rais Theodore Roosevelt na Zawadi ya Amani

Wasomaji wengi wakisikia jina la Roosevelt humfikiria yule Rais wa Marekani wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliyekuwa akiketi katika kiti cha magurudumu. Huyo alikuwa Franklin. Ninayetaka kumweleza hapa ni Theodore, jamaa yake wa mbali, aliyeshika urais zaidi ya miaka thelathini kabla yake. Theodore ndiye mkuu wa nchi wa kwanza kupewa Zawadi ya Amani ya Nobel, na alipoipata magazeti mengi ya dunia yalimcheka. Sisi wa pwani hii ya Palma, Kionga na Mocímboa da Praia, ambao tangu mwaka 2017 tumelijua neno amani kwa kulikosa, tuna haki ya kuuliza zawadi kama hiyo hutolewa kwa kazi gani, na magazeti hayo yalicheka nini.

Alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba, 1858. Baba yake alikuwa mfanya biashara tajiri, lakini mali haikumsaidia mtoto kuvuta pumzi, maana alikuwa na pumu kali. Usiku mwingine baba yake alimpakia katika gari la farasi wakazunguka mjini ili apate hewa. Baadaye baba akamshauri kwamba akili anayo, mwili lazima autengeneze mwenyewe. Basi kijana akaanza kunyanyua vyuma, kupigana ngumi, kupanda farasi na kuwinda. Tabia hiyo ya kushindana hakuiacha mpaka alipokufa, naye aliona kwamba taifa nalo hufaa kuishi vivyo hivyo.

Alimaliza masomo Harvard mwaka 1880, akaingia katika siasa za jimbo lake. Tarehe 14 Februari, 1884, alipata msiba ambao wachache huupata: mama yake na mkewe walikufa siku moja, katika nyumba moja, na mkewe alikuwa amejifungua siku mbili tu kabla yake. Roosevelt akaacha kila kitu akaenda nchi ya Dakota kufuga ng'ombe. Aliporudi alioa tena, akawa mkuu katika polisi ya New York, kisha naibu wa waziri wa manowari. Vita na Spania vilipotokea mwaka 1898 aliacha kazi hiyo, akaunda kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea, akaenda kupigana Cuba. Alirudi shujaa. Mwaka huo huo akachaguliwa gavana wa New York, na mwaka 1901 akawa makamu wa rais. Mwezi Septemba Rais McKinley alipigwa risasi akafa, na Roosevelt, mwenye umri wa miaka 42, akaingia Ikulu. Hajapata kuwako rais wa Marekani aliye kijana kuliko yeye.

Katika utawala wake aliyabana makampuni makubwa, akalinda misitu mingi. Nje ya nchi yake mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1903 jimbo la Panama lilipojitenga na Kolombia, manowari za Marekani zilikuwako kuhakikisha kwamba Kolombia hairudishi jimbo lake, na baada ya siku chache Roosevelt akapata ardhi ya kuchimbia mfereji. Na huko Ufilipino askari wake walikuwa wakiwapiga watu waliodhani kwamba, baada ya Spania kuondoka, sasa wangejitawala.

Sasa tufike kwenye vita vilivyompatia zawadi. Mwezi Februari 1904 Wajapani na Warusi walianza kupigana kwa ajili ya nchi ya Manchuria na Korea. Vita hivyo havikuwa mbali nasi kama mtu anavyoweza kudhani. Manowari za Kirusi zilizotoka bahari ya Baltiki, nyingine kwa njia ya Suez na nyingine kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, zilikutana Nosy Be, kisiwa cha kaskazini-magharibi ya Bukini, ng'ambo ya Ngazija. Zilikaa huko tangu Januari hata Machi 1905, katika joto ambalo mabaharia wake hawakulizoea. Kisha zikavuka bahari ya Hindi kwenda kupotea. Tarehe 27 na 28 Mei, karibu na kisiwa cha Tsushima, Wajapani walizizamisha au kuziteka karibu zote.

Walakini Japani nayo ilikuwa imekwisha fedha. Kwa siri ikamwomba Roosevelt aite mkutano, naye akakubali, kwa maana aliogopa upande mmoja ukishinda kabisa utakuwa na nguvu mno katika bahari ya Pasifiki. Mwezi Agosti 1905 wajumbe wa pande mbili walifika nyumbani kwake Oyster Bay. Aliwapokea ndani ya meli, akawaandalia chakula cha kula wamesimama, ili pasiwe na mjumbe wa kulalamika kwamba mwenziwe ameketishwa mahali pa heshima kuliko yeye. Aliyepata kuhudhuria arusi katika miji yetu ataelewa hekima hiyo. Kisha wajumbe wakaenda Portsmouth, naye akabaki nyumbani akiwahimiza kwa barua na simu za maandishi. Wajapani walitaka kulipwa fidia. Warusi walikataa kutoa hata senti moja. Mwishowe Japani iliiacha fidia, ikapata nusu ya kusini ya kisiwa cha Sakhalin, na tarehe 5 Septemba mapatano yakatiwa sahihi. Siku ile ile watu wa Tokyo, waliokuwa wamesoma magazetini habari za ushindi mtupu, walifanya ghasia na kuchoma vituo vya polisi.

Lazima tumpe haki yake. Katika vita vya Mukden peke yake makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, na majeshi yote mawili yalikuwa bado uwanjani yakijitayarisha kupigana tena. Mtu aliyewazuia wasipigane aliokoa roho nyingi.

Tarehe 10 Desemba, 1906, Bunge la Norwe likatangaza kwamba Zawadi ya Amani ni ya Roosevelt. Hapo ndipo magazeti yalipoanza. Gazeti kubwa la New York Times liliandika kwa dhihaka kwamba dunia nzima imetabasamu kusikia heshima hiyo imemwangukia raia mpenda vita kuliko wote wa Marekani. Magazeti ya Sweden yalisema kwamba Alfred Nobel anageuka kaburini. Wengine walidokeza kwamba Norwe, iliyojitenga na Sweden mwaka 1905 tu, ilikuwa ikitafuta rafiki mwenye nguvu, na kwamba nishani ilikuwa njia rahisi ya kumpata. Huko Norwe kwenyewe watu wa mrengo wa kushoto walinung'unika kwamba mtu aliyeichukua Ufilipino kwa bunduki hafai kuitwa mtu wa amani.

Mimi naona kwamba wengi wa waandishi hao walicheka mahali ambapo sipo penyewe. Walicheka kelele za mtu huyu, meno yake, farasi wake na bunduki zake, kana kwamba kosa lilikuwa katika tabia. Lililostahili kuulizwa ni hili: amani ile ya Portsmouth ilinunuliwa kwa mali ya nani? Ilinunuliwa kwa Korea. Mwezi Agosti 1905, kabla ya mkutano kuanza, Wakorea wawili walifika Oyster Bay na ombi la kuomba nchi yao isitolewe; mmoja wao, Syngman Rhee, alikuja kuwa rais wa kwanza wa Korea ya Kusini mwaka 1948. Roosevelt aliwapokea kwa adabu akawaambia walete ombi lao kwa njia ya ubalozi. Wakati huo waziri wake wa vita, Taft, alikuwa amekwisha elewana na Wajapani huko Tokyo kwamba Korea itakuwa chini yao. Kabla mwaka haujaisha Japani iliiweka Korea chini ya ulinzi wake, na mwaka 1910 ikaimeza kabisa.

Tena mwezi Machi wa mwaka ule ule wa zawadi, 1906, Waislamu wa kisiwa cha Jolo, kusini ya Ufilipino, waliokataa kodi na utawala wa Marekani, walikuwa wamekimbilia juu ya mlima wa Bud Dajo pamoja na wake zao na watoto wao. Askari wa Marekani walipanda wakawaua kwa mamia, wakabaki hai wachache sana. Roosevelt alimpelekea Jenerali Wood pongezi. Habari hizi zilichapishwa Marekani, na baadhi ya magazeti yalizilaani. Lakini ulipofika Desemba zilikuwa zimekwisha kuwa habari za zamani.

Kwetu mapatano ya namna hiyo si hadithi ngeni. Tungi, ambayo leo ni Palma, ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja mpaka manowari za Wareno zilipoipiga mizinga mwaka 1887. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, na Lisbon na Berlin zikapatana papo hapo. Mwaka 1916 Wareno wakairudia kwa silaha. Mwaka 1919 wakubwa walioketi Paris wakaithibitisha kuwa ya Wareno. Ulaya yaliitwa mapatano ya amani, na wavuvi wa Kionga walibadilishiwa bendera wakiwa baharini. Na Agosti ile ile ya Portsmouth vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kuanza kaskazini ya Ruvuma. Kwa ajili ya hivyo hakuna rais aliyeita mkutano wowote.

Roosevelt hakwenda Norwe mwaka 1906, balozi wake ndiye aliyeipokea zawadi. Aliondoka madarakani Machi 1909, na safari ya kwenda kutoa hotuba aliyodaiwa na Kamati ya Nobel alipitia Afrika ya Mashariki. Tarehe 21 Aprili, 1909, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, akapanda gari la moshi, akapenda kuketi mbele kabisa ya kichwa cha gari ili aone wanyama. Wapagazi walikuwa zaidi ya mia mbili. Mmojawapo kazi yake ilikuwa kubeba sanduku la vitabu vya Bwana, vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Sijui wangapi katika wapagazi wa pwani waliupigania mzigo huo. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512, tembo na vifaru wakiwamo, kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya Washington. Magazeti ya kwao yalimfuatia kila hatua, mengine yakimsifu, mengine yakichora picha za kumchekesha.

Alipita Uganda, akashuka na mto Naili hata Khartoum, na mwishoni mwa Machi 1910 alikuwa Kairo. Hapo, mbele ya wanafunzi na waalimu wa chuo kikuu kipya, aliwaambia Wamisri kwamba taifa haliwezi kujitawala kwa kupewa katiba ya karatasi, na kwamba itawachukua vizazi kujifunza. Wamisri walikasirika. Watu waliandamana mbele ya hoteli yake, na magazeti ya wazalendo yalimjibu kwamba mgeni aliyezaliwa katika nchi iliyoasi Uingereza hana haki ya kuwafundisha wengine subira. Kwa fikira zangu, majibu hayo ya Kairo yalimgusa Roosevelt penyewe kuliko vicheko vyote vya mwaka 1906.

Tarehe 5 Mei, 1910, alitoa hotuba yake Christiania, mji ambao sasa unaitwa Oslo. Ilikuwa hotuba ya maana. Alitaka mahakama ya mataifa itiwe nguvu, manowari zipunguzwe kwa mapatano, na mataifa makubwa yaunde umoja wa kulinda amani, hata kwa nguvu ikibidi. Juu ya Korea hakusema neno.

Miaka yake iliyobaki ilikuwa ya misukosuko. Mwaka 1912 alijaribu kurudi urais akashindwa. Katika kampeni hiyo mtu mmoja alimpiga risasi kifuani huko Milwaukee, ikapunguzwa nguvu na karatasi nene za hotuba alizokunja mfukoni, naye akahutubu kwanza ndipo akaenda hospitali. Mwaka 1914 nusura afe kwa homa katika misitu ya Brazil. Vita Kuu ilipoanza alipiga kelele Marekani iingie, na ilipoingia wanawe wote wanne wakaenda. Quentin, kitinda mimba, rubani wa miaka 20, aliangushwa na kuuawa Ufaransa tarehe 14 Julai, 1918. Waliomwona baba yake baada ya hapo walisema hakuwa mtu yule tena.

Fedha za zawadi, zaidi ya dola 36,000, hakuzila. Alikuwa amezitoa ziwe akiba ya kupatanisha wafanya kazi na matajiri wao, lakini akiba ile haikutumika kamwe. Mwaka 1918 aliomba Bunge la Marekani limrudishie, akazigawanya kwa Msalaba Mwekundu na vyama vingine vilivyosaidia waliodhuriwa na vita.

Alikufa usingizini nyumbani kwake, tarehe 6 Januari, 1919. Nishani yake ya amani huwekwa Ikulu ya Washington, katika chumba kiitwacho Roosevelt, kwa heshima yake na ya yule Franklin.