Mzee Kenyatta aliposhika randa

Mwezi uliopita nilinunua randa ya chuma katika duka la vikorokoro katikati ya jiji la Nairobi, si mbali na Msikiti wa Jamia. Ilikuwa imeliwa na kutu hata skrubu zake hazizunguki, na kisu chake kimejaa mapengo kama kinywa cha kikongwe. Mpwa wangu ninayekaa naye, kijana mwenye cheti chake na ambaye mwaka wa pili huu hana kazi, aliniuliza mjomba umeleta mzigo gani. Sikumjibu. Niliifungua randa kipande kipande, nikailaza katika mafuta ya taa usiku kucha, na asubuhi nikaanza kuisugua. Ndipo nilipomkumbuka marehemu Mzee Jomo Kenyatta, ambaye kabla ya kushika hatamu za nchi alifundishwa useremala.

Alizaliwa upande wa Gatundu katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka 1909 alikwenda Thogoto, magharibi ya Nairobi, kwenye misheni ya Kanisa la Scotland. Huko alijifunza kusoma na kuandika, kisha akatiwa katika ufundi wa mbao. Tusifichane, ndugu msomaji: ufundi aliofunzwa Mwafrika siku zile ulikuwa na shabaha yake, maana mkoloni alihitaji mikono kuliko vichwa. Lakini kazi yenyewe haina lawama. Mbao haimjui bwana wala mtwana. Atakayeipiga randa kinyume cha nyuzi zake itamchanika, awe nani.

Mwaka 1914 alibatizwa, akaitwa Johnstone. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikaa Narok kwa Wamaasai, na mkanda wa shanga aliouvaa, ulioitwa kinyata, ndio uliompa jina tunalolijua. Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na manispaa ya Nairobi, idara ya maji, akiwa karani wa bohari na msomaji wa mita. Alikaa Kilimani, ambako leo kumejaa maghorofa, na akajenga nyumba nyingine Dagoretti, akaweka humo bidhaa za kuwauzia majirani, akaiita Kinyata Stores. Randa ikabaki nyuma. Kalamu ilikuwa na mshahara na heshima zaidi.

Yaliyofuata ni maarufu. Mwaka 1928 alikuwa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association, na mwaka 1929 akasafiri kwenda London kupeleka madai ya ardhi. Alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953, na hakuachiliwa mpaka Agosti 1961. Oktoba 1963, akiwa Waziri Mkuu, alibadilishana barua na Sheikh Mohamed Shamte wa Zanzibar juu ya Mwambao, na mahakama za kadhi zikahifadhiwa. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa penye viwanja vya Bunge, Nairobi. Sisi wa Pwani tuna hesabu zetu naye, hasa za ardhi, wala si makala haya yatakayozifunga.

Nilipoona nimeshindwa, niliichukua randa mpaka Dagoretti Corner kwa fundi mmoja mzee. Alibandika msasa juu ya kioo kinene, akaisugua tako lake huku na huko mpaka likalala sawa. Kisu alikitia kinoo kwa mshazari, akakirudisha kikichungulia chini kwa unene wa unywele. Akiwa kazini alinilalamikia kwamba hapati mwanafunzi. Kila kijana anataka meza ya ofisini.

Nami nikajiuliza, tutawalaumu vipi vijana? Seremala aliyekuja kuwa Rais mwenyewe aliiweka randa chini palipopatikana kalamu, na nchi nzima ikafuata nyayo. Hakukosea yeye. Tumekosea sisi tuliodhani kwamba kushika kalamu ni kuidharau randa. Tumesahau kwamba Nabii Nuh, amani imshukie, alijenga safina kwa mikono yake, na Nabii Zakariya, amani imshukie, alikuwa seremala. Milango ya Lamu inayopigwa picha na wageni haikuchongwa kwa cheti. Kazi mbi si mchezo mwema, na hii wala si kazi mbi.

Niliporudi nyumbani nilimpa mpwa wangu randa na kipande cha mvule. Mara ya kwanza ilikwama. Mara ya pili ilitoa maranda membamba, marefu, yakajikunja mkononi mwake, na chumba kikanukia mbao. Bado hajaniambia kama atakwenda kwa fundi. Nami sikumhimiza, randa nimeiacha mezani.