Askofu Edward Steere (1828–1882) na Irabu Tunazoimba

Tunapoadhimisha jubilei ya kwaya yetu, tumeona vyema kumkumbuka mtumishi ambaye hakufika Kisii wala Nyamira, lakini kazi yake inaonekana katika kila kitabu chetu cha nyimbo za Kiswahili.

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka wa 1828. Alisomea sheria, kisha akaiacha na kuwa kasisi. Mwaka wa 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Huko kulikuwa na soko la watumwa. Watoto waliookolewa walikabidhiwa misheni, naye akawafundisha kusoma na kupiga chapa.

Wakati huo Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu. Krapf wa Mombasa alikuwa amemtangulia kutumia herufi za Kirumi, lakini kila herufi isomwe vipi? Irabu za Kiingereza hubadilika kutoka neno hadi neno. Katika kitabu chake cha sarufi cha 1870, Steere alishika kanuni moja: irabu zitamkwe kama za Kiitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Tunasoma hivyo hadi leo.

Soko lilipofungwa mwaka wa 1873, alisimamia ujenzi wa kanisa papo hapo. Alifanywa askofu mwaka wa 1874, na kanisa likafunguliwa Krismasi ya 1879. Alitafsiri pia Agano Jipya. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Wapo wanaosema kwamba kuimba Kiitaliano ni kwa kwaya za mijini tu. Ndugu zetu, irabu zake tunazo tangu darasa la kwanza. Tena Kiitaliano kina e mbili na o mbili, ya wazi na ya kufumba, kama Ekegusii chetu. Kinachobaki ni konsonanti. C mbele ya e au i ni "ch" yetu, kwa hiyo *pace*, yaani amani, ni "pache". *Ch* husomwa "k", na *gn* husomwa "ny". Konsonanti ikiandikwa mara mbili, ishikilieni kidogo kabla ya kuiachia.

Basi tunapoimba leo, tufungue vinywa bila hofu.