François Baucher, mwalimu wa farasi aliyejifunza upya kushika hatamu

Motari akikaza gaz na kufunga breki kwa wakati mumoja, moto inalia, inatoa moshi, lakini haiendi. Mu Paris ya karne ya 19, kulikuwa mutu ambaye wapinzani wake walisema kwa miaka mingi kama vile njo anafanyia farasi zake. Jina lake François Baucher. Kati ya watu wote waliofundisha farasi mu Ufaransa wakati ule, ni yeye alisifiwa sana, na ni yeye pia alitukanwa sana.

Alizaliwa Versailles mwaka wa 1796, mu familia isiyokuwa na jina kubwa. Akiwa kijana alitumwa Italia, kwa ndugu ya wazazi wake aliyekuwa anasimamia farasi za mukubwa mumoja, na huko njo alijifunza kazi. Aliporudi Ufaransa alifundisha watu kupanda farasi kule Le Havre na Rouen. Mu mwaka wa 1834 akaingia Paris.

Wakati ule, kazi ya kufundisha farasi za wakubwa ilikuwa mikononi mwa watu wa ukoo, wenye vyeo na majina marefu. Baucher hakukuwa na ukoo wa namna hiyo. Akaenda kupanda mu sirki, mbele ya watu wenye kulipa tiketi. Kwa wakubwa wengi ile peke ilitosha kumuzarau. Lakini usiku, wale wale walikuja kukaa ku viti vya mbele ili waone.

Farasi aliyemupatia jina aliitwa Partisan. Alitoka Uingereza, wa damu nzuri, muzuri wa kutazama, lakini hakuna mutu aliyeweza kumupanda. Mwenyeji akamuuza kwa franga kidogo sana kuliko zile alizomununulia. Baucher akamuchukua. Kisha wakati fulani, ule farasi wa kutupa watu chini akawa anatembea mbele ya watu wa Paris sawa vile anacheza ngoma, mupanda akiwa ametulia, mikono haionekane ikifanya kitu.

Ili kuelewa alifanya nini, inafaa kuangalia kinywa cha farasi. Lijamu ni chuma kinachokaa mu kinywa, mahali pasipo meno. Hatamu ni kamba zinazotoka ku lijamu mupaka mu mikono ya mupanda. Farasi aliyeumizwa na mikono mibaya anajifunza kujikinga. Mumoja anatupa kichwa juu na kukimbia. Mwingine analalia lijamu na uzito wake wote, mupaka mikono ya mupanda inakufa ganzi. Wa tatu anakunja shingo, anaficha kidevu ku kifua, na kamba zinabakia zimelegea. Huyu wa tatu njo mubaya kuliko wote, juu anadanganya: shingo inaonekana nzuri, mupanda anafurahi, kumbe farasi amekimbia mukono na hataki tena kwenda mbele.

Baucher aliona kama ugomvi wote unaanzia mu taya. Basi hakuanza na kupanda. Alisimama chini, pembeni ya farasi, akashika hatamu, akaomba polepole, akangoja. Farasi akikaza taya, mukono ulibakia pale pale. Farasi akilegeza taya na kuanza kutafuna lijamu, vidole vilifunguka mara moja. Kisha ile peke ya shingo, kuume na kushoto. Kisha ile ile akiwa juu ya farasi aliyesimama, halafu kwa mwendo wa mutu. Bwana mukubwa mumoja wa Kiingereza aliyekaa Paris, Lord Henry Seymour, alikuwa na farasi mukali aliyeitwa Géricault, na alisema atamupatia yeyote mwenye kuweza kumupanda bila kuanguka. Mwanafunzi wa Baucher akamupata, akamuleta kwa mwalimu. Chini ya mwezi mumoja, Baucher alimupanda mu sirki, mbele ya watu, akiwa mutulivu.

Mu mwaka wa 1842 alitoa kitabu cha mafundisho yake, na kikauzwa sana. Mwaka ule ule jeshi likaanza kujaribu namna yake. Mwana wa kwanza wa Mufalme Louis-Philippe, Duc d'Orléans, njo alikuwa anamuunga mukono, na waofisa wengi waliandika ripoti nzuri. Kwa mutoto wa watu wa kawaida, mutu wa sirki, jeshi lote la wapanda-farasi la Ufaransa kufuata kitabu chake ingekuwa ushindi usio na kipimo.

Halafu tarehe 13 mwezi wa 7, 1842, farasi za gari la ule mwana wa mufalme zilishikwa na wazimu mu njia ya Neuilly. Akaanguka barabarani, akafa siku ile ile. Mutu aliyetaka jeshi lijifunze kushika farasi vizuri aliuawa na farasi zisizoshikika. Ndugu yake, Duc de Nemours, alikuwa mwanafunzi wa mushindani wa Baucher, Vicomte d'Aure. Majaribio yakafungwa.

D'Aure alikuwa mutu wa uwanja, wa kukimbia na kuruka. Kwake, farasi aende kwanza! Akienda kwa nguvu na bila woga, atatafuta mukono yeye mwenyewe, na mukono utamupokea. Alisema Baucher anazima farasi. Na kusema kweli, d'Aure alikuwa na haki kwa sehemu. Ile siku Baucher alikuwa anatumia miguu na mikono pamoja: miguu inasukuma, hatamu inazuia, ili nguvu yote ibakie chini ya mupanda. Mu mikono yake mwenyewe ile ilileta maajabu. Mu mikono ya askari wa kawaida ilizaa farasi za kukunja shingo na kukataa kwenda. Mwalimu mwenye kufundisha kitu ambacho yeye peke anakiweza, hata kikiwa kizuri, anaacha shida nyuma yake.

Baucher angekufa hivyo, mupaka leo wanabishana juu yake, kama si ajali ya mwaka wa 1855. Alikuwa anajitayarisha kwa kazi mu sirki, na taa kubwa ya kuning'inia ikakatika, ikamuangukia. Miguu iliumia vibaya. Alikuwa karibu na miaka 60. Hakupanda tena mbele ya watu.

Lakini hakuacha farasi. Nguvu ya miguu ile ya zamani, iliyokuwa inasukuma huku mikono inazuia, haikuwa tena. Basi akabomoa sehemu ya mafundisho yake mwenyewe, mu uzee, kisha kuuza vitabu na kugombana na nusu ya Paris. Akapendelea lijamu ya kawaida, isiyokaza. Akaweka kanuni mupya: mukono ukisema, miguu inyamaze, miguu ikisema, mukono ufunguke. Farasi akilalia hatamu, mupanda havute. Anafunga vidole tu na kungoja. Mutu amefunga mbuzi ku muti: mbuzi anavuta mara mbili, tatu, kisha anaacha, juu muti haumuvute. Lakini mbuzi anayevutwa na mutoto atapingana naye mupaka sokoni. Farasi akilegea, vidole vinafunguka. Akichelewa, miguu inamuomba aende, na hapo mukono haukatae. Akiisha kwenda, vidole vinamupokea tena, polepole.

Mwanafunzi wake mukubwa, Alexis L'Hotte, afisa wa jeshi aliyekuja kuwa jenerali, aliandika namna walivyoachana. Baucher alikuwa ku kitanda cha kufa, mu mwaka wa 1873. Akashika mukono wa L'Hotte, akauweka sawa vile mutu mwenye kushika hatamu, akaukaza hapo, usiende mbele wala nyuma. Akamwambia siku zote iwe vile. Kisha akauvuta ule mukono kuelekea kifua, akasema kwamba ile, hapana, hata siku moja. Alifurahi kumuachia kitu hicho mbele ya kufa.

L'Hotte alikuwa amejifunza kwa Baucher na kwa d'Aure pia, wale washindani wawili. Alikuja kuongoza shule ya wapanda-farasi ya Saumur. Farasi zake mwenyewe alizifundisha kwa namna ya Baucher, asubuhi, bila watu wengi. Mbele ya waaskari hakufundisha ile. Aliwaomba vitu vitatu tu: farasi atulie, aende mbele, anyooke.