Dorothea Dix: Mkaguzi aliyepiga hodi bila taarifa

Juu ya kilima kilichoko kusini mashariki mwa jiji la Washington, karibu na mahali ambapo mto Anacostia unaungana na mto Potomac, yamesimama majengo ya matofali mekundu yenye umri wa zaidi ya miaka 150. Hapo ndipo ilipofunguliwa, mwaka 1855, hospitali ya serikali kuu ya Marekani kwa ajili ya wagonjwa wa akili, ambayo leo inajulikana kwa jina la St. Elizabeths.

Aliyewashawishi wakubwa wa Marekani mpaka hospitali hiyo ikajengwa alikuwa mwalimu wa shule, mwanamke asiye na haki ya kupiga kura na ambaye afya yake ilikuwa dhaifu tangu ujanani. Jina lake ni Dorothea Lynde Dix. Kazi iliyomletea sifa ilikuwa moja: kwenda kutazama kwa macho yake mahali walipowekwa watu wasioweza kujitetea, kuandika alichokiona, na kukifikisha mbele ya wenye madaraka.

Bi. Dix alizaliwa tarehe 4 Aprili mwaka 1802 huko Hampden, katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Maine. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti aliyetangatanga, na maisha ya nyumbani yalikuwa ya dhiki. Akiwa na umri wa miaka 12 aliondoka na kwenda kuishi na bibi yake mjini Boston. Alipofikisha miaka 14 tayari alikuwa amefungua shule ya watoto huko Worcester, na mwaka 1824 alichapisha kitabu cha kiada kilichopigwa chapa mara nyingi.

Kazi nyingi zilimchosha. Mwaka 1836 aliugua vibaya, akapelekwa Uingereza kupumzika. Huko Liverpool alikaribishwa na familia ya Rathbone, watu waliojishughulisha na mageuzi ya kijamii, na katika nyumba yao alisikia mijadala juu ya namna mpya ya kuwatunza wagonjwa wa akili kwa upole, bila minyororo wala viboko. Aliporejea Marekani alikuta bibi yake amefariki na kumwachia urithi wa kumtosha kuishi bila kuajiriwa.

Baridi ya East Cambridge

Safari yake hasa ilianza mwezi Machi mwaka 1841. Aliombwa kufundisha somo la dini siku ya Jumapili kwa wanawake waliofungwa katika jela ya East Cambridge, jirani na Boston. Baada ya somo aliwakuta wanawake wenye maradhi ya akili, ambao hawakuwa wametenda kosa lolote, wamefungiwa katika vyumba visivyo na moto wakati wa baridi kali. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba wendawazimu hawahisi baridi.

Bi. Dix hakulikubali jibu hilo. Alilipeleka suala hilo mahakamani, na jiko la kupasha moto likawekwa. Lakini swali kubwa zaidi lilibaki. Ikiwa hali ilikuwa hivyo katika jela iliyo karibu na mji wenye wasomi na matajiri wengi, ilikuwaje mahali ambapo hakuna mgeni aliyefika?

Kwa muda wa takriban miaka miwili alizunguka jimbo la Massachusetts akiwa na daftari lake. Aliingia katika jela, katika makazi ya maskini na katika nyumba za watu binafsi waliolipwa na halmashauri ili kuwahifadhi wagonjwa kwa bei ya chini. Aliandika jina la kijiji, idadi ya wagonjwa, upana wa chumba, hali ya nguo na matandiko, chakula, harufu, na kama kulikuwa na mnyororo. Aliwakuta watu katika vizimba, katika vyumba vya chini ya ardhi na katika mabanda. Alikuta pia mahali pachache palipokuwa na usafi na huruma, na hapo aliwasifu wahusika.

Mwezi Januari mwaka 1843 ripoti yake ilifikishwa katika Bunge la Massachusetts. Kwa kuwa haikuwa desturi mwanamke kuhutubia bunge, iliwasilishwa na Dk. Samuel Gridley Howe, rafiki yake aliyekuwa mbunge. Baadhi ya wasimamizi wa makazi yaliyotajwa walikasirika na kumwita mwongo. Hata hivyo, wabunge waliidhinisha fedha za kupanua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester.

Kutoka hapo alikwenda jimbo baada ya jimbo. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika miaka michache ya mwanzo alisafiri zaidi ya maili 10,000 na kutembelea jela za wilaya na nyumba za kurekebishia tabia zipatazo 300, pamoja na makazi ya maskini zaidi ya 500. Hospitali ya Trenton, New Jersey, iliyofunguliwa mwaka 1848, aliihesabu kuwa mtoto wake wa kwanza.

Kilima cha Anacostia

Mwaka huohuo wa 1848 Bi. Dix aliwasili Washington na ombi kubwa. Alitaka serikali kuu itenge mamilioni ya ekari za ardhi ya umma, ili mapato yake yagharimie matunzo ya wagonjwa wa akili katika majimbo yote. Alipewa pembe maalumu katika maktaba ya jengo la Kongresi, na hapo aliwapokea wabunge mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Ombi lilikua mpaka kufikia ekari milioni 12 na laki mbili na zaidi, zikiwemo ekari kwa ajili ya vipofu na viziwi.

Wakati akisubiri, alishughulikia hali ya Washington yenyewe. Mji mkuu haukuwa na hospitali ya aina hiyo. Wagonjwa wake walipelekwa Baltimore au waliishia jela. Mwaka 1852 Kongresi ilipitisha dola 100,000, na Rais Millard Fillmore, ambaye Bi. Dix aliandikiana naye barua kwa miaka mingi, akatia saini. Shamba lililofaa lilikuwa mali ya mfanyabiashara Thomas Blagden, aliyetaka dola 40,000, ilhali fungu la ardhi lilikuwa dola 25,000 tu. Bi. Dix alikwenda kuzungumza naye, na Blagden akakubali bei ya serikali.

Charles Nichols, daktari aliyependekezwa na Bi. Dix, ndiye aliyekuwa mganga mkuu wa kwanza. Ramani ya jengo kuu ilichorwa na Thomas Walter, msanifu wa kuba la Kongresi. Wagonjwa walipaswa kupata mwanga, hewa safi, bustani na kazi za shambani, kwa imani kwamba mazingira mema ni sehemu ya dawa.

Ombi kubwa la ardhi halikubahatika. Mwaka 1854 lilipitishwa na mabaraza yote mawili ya Kongresi, lakini Rais Franklin Pierce alilipinga kwa kura ya turufu, akishikilia kwamba matunzo ya maskini ni jukumu la majimbo. Bi. Dix alivuka bahari akiwa amevunjika moyo. Lakini hata huko hakuweza kupumzika. Alikagua nyumba za wagonjwa wa akili huko Scotland, akadai uchunguzi rasmi, na mwaka 1857 sheria mpya ikatungwa. Huko Roma alifika mpaka kwa Papa Pius wa 9 kumweleza hali mbaya aliyoikuta.

Wauguzi wa vita

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Bi. Dix, akiwa na umri wa miaka 59, aliharakisha kwenda Washington na kujitolea. Mwezi Juni aliteuliwa kuwa msimamizi mkuu wa wauguzi wanawake wa jeshi la Muungano, kazi aliyoifanya bila mshahara.

Jiji liligeuka kuwa wodi. Makanisa, mahoteli na hata jengo la Ofisi ya Hataza vililazwa majeruhi. Bi. Dix alitaka wauguzi wenye umri kati ya miaka 35 na 50, wenye sura ya kawaida, nguo za rangi ya kahawia au nyeusi, bila mapambo. Waliokubaliwa walilipwa senti 40 kwa siku na posho ya chakula. Miongoni mwao alikuwa mwandishi Louisa May Alcott, aliyehudumu katika hospitali iliyokuwa hoteli huko Georgetown mpaka alipougua homa kali na kurudishwa kwao mapema mwaka 1863.

Tabia ya kukagua haikumwacha. Alizuru hospitali za Washington na Alexandria bila kutoa taarifa, akitazama usafi, chakula na madaktari walevi. Wengi wao walimchukia. Mwezi Oktoba mwaka 1863 Wizara ya Vita ilitoa amri iliyompa Daktari Mkuu wa jeshi uwezo wa kuteua wauguzi na kuwaweka chini ya madaktari wa hospitali, na mamlaka ya Bi. Dix yakapungua sana. Aling'atuka baada ya vita kumalizika, na inasemekana aliihesabu sehemu hiyo ya maisha yake kuwa kushindwa.

Kasoro zake

Wanahistoria hawamwoni kuwa mtu asiye na doa. Alikuwa mgumu kugawana madaraka na aliwashuku wauguzi Wakatoliki. Jambo zito zaidi ni kwamba alizunguka majimbo ya kusini miaka mingi akiomba hospitali, huku akinyamazia utumwa alioushuhudia njiani. Katika hospitali ya Washington, Waamerika weusi walipokelewa tangu mwanzo, lakini walitengwa katika majengo yao.

Tena ipo kasoro iliyojitokeza polepole. Bi. Dix aliamini kwamba hospitali njema ikishajengwa, wema utadumu. Baada ya vita alirejea katika hospitali alizozipigania, akakuta nyingi zimefurika na tiba imegeuka kuwa kufungia tu. Hospitali ya Washington nayo ilikua kupita kiasi; katikati ya karne ya 20 ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 7,000. Mwaka 1975 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba wagonjwa wake wasiohitaji kulazwa hapo wana haki ya kutunzwa katika mazingira yenye uhuru zaidi, zikiwemo nyumba ndogo za jamii na nyumba za uuguzi.

Karne moja baadaye

Mwaka 1881 Bi. Dix, mgonjwa na bila familia, alipewa vyumba katika hospitali ya Trenton. Mtu aliyekagua mamia ya nyumba za wagonjwa alimalizia maisha yake akiwa mkazi wa mojawapo. Alifariki humo tarehe 17 Julai mwaka 1887.

Miaka 100 baadaye, mwezi Desemba mwaka 1987, ilitiwa saini mjini Washington sheria ya kurekebisha nyumba za uuguzi, zile zinazowatunza wazee pamoja na wagonjwa wanaojifunza upya kutembea baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga. Jina la Bi. Dix halimo katika sheria hiyo, lakini njia yake imo. Mkaguzi sharti afike bila taarifa, si zaidi ya miezi 15 tangu ukaguzi uliopita, na anayeitonya nyumba juu ya siku ya ukaguzi anaweza kutozwa faini, ambayo sheria hiyo ya mwaka 1987 iliiweka kuwa hadi dola 2,000. Mkaguzi huzungumza na wakazi wenyewe. Ni marufuku kumfunga mkazi kamba au kumlevya kwa dawa kwa ajili ya kumwadhibu au kuwapunguzia kazi wahudumu.

Tangu mwaka 2008 serikali ya Marekani huzipa nyumba hizo nyota, kuanzia moja hadi tano, kwa kuzingatia ukaguzi, idadi ya wahudumu na vipimo vya ubora wa huduma. Sehemu ya vipimo hivyo hutokana na taarifa zinazoandikwa na nyumba zenyewe. Kwa hiyo familia nyingi huambiwa zisiishie kwenye nyota, bali ziende kutazama: je, kengele ya mgonjwa inajibiwa kwa muda gani, asiyeweza kujilisha anasaidiwa na nani, kuna harufu gani ukumbini jioni au siku ya Jumapili?

Suala hilo linawagusa pia watu wa Afrika Mashariki. Katika nyumba za uuguzi za Maryland, Virginia na Washington wamo wahudumu waliotoka Kenya, Uganda, Tanzania na nchi jirani, na wahamiaji waliofika wakiwa vijana sasa wanaanza kuwatafutia wazazi wao mahali pa kuuguzwa. Nako nyumbani, mahospitali kama Mathari, Mirembe na Butabika yanakabiliwa na swali lilelile la nani aingie kutazama, na mara ngapi.

Hospitali ya St. Elizabeths ingalipo. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2010 upande wa mashariki wa eneo hilo, na upande wa magharibi ulianza kutumiwa na Wizara ya Usalama wa Ndani mwaka 2013. Bi. Dix mwenyewe amezikwa katika makaburi ya Mount Auburn, Cambridge, mwendo mfupi kutoka mahali ilipokuwa jela alimouliza kwa nini hakuna moto.