Leakey, Kanjera na Ushahidi wa Tope

Wapo watu ambao historia huwakumbuka kwa waliyoyapatia na kuyasahau waliyoyakosea. Dk. Louis Leakey ni mmoja wao. Mtajie mwanafunzi yeyote wa Kenya jina hilo, naye atakujibu kwa Olduvai na mafuvu ya mtu wa kale. Ni wachache wanaokumbuka kwamba bwana huyo alishughulika miaka mingi na swali jingine, ambalo leo, baada ya mafuriko ya 2020 na 2024 katika mwambao wa Kisumu, latugusa kuliko mafuvu: je, hapo kale mvua zilinyesha kwa kiasi gani katika nchi hii, na maji ya maziwa yetu yalipanda na kushuka vipi?

Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, mtoto wa wamisionari wa Kiingereza. Alikulia miongoni mwa Wagikuyu, akaisema lugha yao kama mzawa, hata akaingia jandoni pamoja na rika lake. Lugha hiyo hiyo ndiyo iliyomfikisha Kapenguria mwaka 1952 akiwa mkalimani wa mahakama katika kesi ya Mzee Jomo Kenyatta, kazi iliyomtia doa machoni pa wazalendo wengi.

Mwaka 1926, baada ya masomo yake Cambridge, aliongoza msafara wake wa kwanza wa akiolojia katika Bonde la Ufa. Huko Nakuru na Elmenteita aliona kingo za maziwa ya kale zikiwa juu mno kupita maji ya wakati ule. Akaishika fikra ambayo E. J. Wayland, mjiolojia wa serikali ya Uganda, alikuwa amekwisha kuieneza: kwamba Afrika Mashariki ilipitia enzi ndefu za mvua nyingi, nazo zililingana na enzi za barafu za Ulaya. Enzi hizo zilipewa majina ya hapa kwetu, yakiwemo ya Kagera, Kamasia na Kanjera. Kwa muda mrefu wasomi waliyatumia majina hayo kama kalenda, wakipimia kwayo umri wa kila zana ya mawe iliyookotwa.

Kanjera, msomaji, ni mahali palipo kando ya Mlima Homa, katika mwambao wa Ghuba ya Winam. Hapo, na Kanam iliyo jirani, Leakey alipata mifupa ya binadamu mwaka 1932 akatangaza kwamba ilikuwa ya kale mno. Mwanzoni mwa 1935 Profesa Percy Boswell wa London alikuja kujionea mwenyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha kwa hakika mifupa ilikotoka. Vigingi vya chuma alivyokuwa ameviacha kama alama vilikuwa vimechukuliwa na wenyeji, ambao waliona chuma kina kazi bora zaidi ya kusimama porini, na picha moja aliyoitegemea ikadhihirika kuwa ni ya mahali pengine. Boswell aliandika hayo katika jarida la Nature, na sifa ya kijana yule ikatikisika.

Aibu hiyo ilikuwa na funzo lake. Mfupa uliotengwa na tabaka lake la udongo ni kama barua iliyokatwa tarehe. Kalenda ya enzi za mvua nayo ilikuwa na kasoro ya namna hiyo: matabaka yalilinganishwa kwa macho na kwa kukisia, huku umri wake haujapimwa.

Jibu lilitoka majini. Katika miaka ya 1960 Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na mwanafunzi wake Robert Kendall walizamisha bomba katika tope la Ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda wa ziwa letu, wakalitoa likiwa limejaa matabaka yaliyopangika, la zamani chini na la karibuni juu. Tope lisilofikiwa na hewa huhifadhi chavua ya mimea kwa maelfu ya miaka. Chavua ya nyasi ikizidi, nchi ilikuwa kavu. Ya miti ya msituni ikizidi, mvua ilikuwa nyingi. Umri wenyewe hupimwa kwa kaboni nururifu. Kendall alichapisha matokeo mwaka 1969: wakati Ulaya ilipokuwa bado katika baridi ya barafu, ziwa lilikuwa limeshuka na nyasi zimetawala, misitu ilifuata baadaye.

Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake wakaongeza ajabu juu ya ajabu. Chini ya tope la katikati ya ziwa walikuta udongo mgumu wenye vijizizi vya mimea. Ziwa Viktoria lilikuwa limekauka, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Kalenda ya zamani ilikuwa imegeuzwa kichwa chini. Hata zile kingo za juu za Nakuru zilikuja kujulikana kuwa kwa sehemu kubwa ni za mvua zilizofuata barafu.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Si haki kumcheka. Aliona sawasawa kwamba hali ya hewa ya nchi hii haijapata kutulia. Alichokosea ni saa.

Sisi je? Vipimo vya maji ya ziwa vilianza kuandikwa mwishoni tu mwa karne ya 19. Tulishangaa lilipopanda baada ya mvua za 1961, tukashangaa liliposhuka mwaka 2006, tukashangaa tena 2020. Kumbukumbu ndefu zaidi imelala chini ya maji na chini ya mafunjo ya Dunga, Nyando na Yala. Kinamasi kikikaushwa, hewa huingia, tope huoza, na maandishi hayo hufutika daima. Wanaoyaita mafunjo pori lisilo na faida wangetafakari hayo kabla ya kuchimba mfereji mwingine. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hutwambia habari za leo tu. Habari za miaka elfu zimo topeni, na safari hii hatutaweza kusingizia vigingi.