Mary Slessor wa Calabar, Mama wa Watoto Waliotupwa

Katika taarifa ya mwaka ya chama kama chetu, hesabu za fedha huchukua kurasa nyingi, na ndivyo ipasavyo. Lakini hesabu peke yake haziwezi kueleza ni kitu gani kimpacho mtu mwenye mshahara mdogo moyo wa kumwingiza nyumbani mwake mtoto asiyemzaa, na kumwita mwanawe. Kwa hiyo tumeona vema kueleza hapa maisha ya Bibi Mary Slessor, aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, ambaye swali hilo alilijibu kwa matendo yake.

Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1848 katika mji wa Aberdeen, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mshona viatu aliyeshikwa na ulevi. Mama yake alikuwa mfumaji na mcha Mungu. Jamaa hao walihamia mji wa Dundee, na huko Mary, akiwa na umri wa miaka 11, alianza kazi katika kiwanda cha kufuma: nusu ya siku mashineni, nusu ya siku darasani. Alipotimiza miaka 14 alikuwa mfumaji kamili, akiingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni. Mshahara wake ulisaidia kuilisha nyumba, maana fedha za baba ziliishia kwenye pombe. Kulikuwa na usiku ambapo ukali wa mlevi yule ulimfukuza binti huyu nje barabarani. Basi tusidhani kwamba alikuwa mtu wa raha aliyewahurumia maskini kutoka mbali. Alijua tangu utoto kwamba mtu aweza kuwa na nyumba na asiwe na makao.

Mwaka 1874 habari za kifo cha David Livingstone, ambaye mwili wake Chuma, Susi na wenzao waliuchukua hadi pwani ya Bagamoyo, ziliwagusa watu wengi wa Uskoti. Mary alikuwa mmoja wao. Aliomba kazi ya misheni, akakubaliwa, na mwezi wa Agosti 1876 akapanda meli kwenda Calabar, ambayo leo ni sehemu ya kusini-mashariki ya Nigeria. Misheni ya kanisa lake ilikuwa huko tangu mwaka 1846, na wamisionari pamoja na Wakristo wenyeji walikuwa wamekwisha kushindana kwa muda wa miaka 30 na desturi moja nzito, yaani kuua mapacha.

Watu wengi wa nchi ile waliamini kwamba mmoja wa mapacha amezaliwa kwa pepo mbaya, na kwa kuwa hakuna awezaye kumtambua ni yupi, wote wawili walitupwa mwituni, pengine wakiwa wametiwa ndani ya chungu, na mama yao akafukuzwa kijijini. Wala tusiwacheke. Hata katika Kenya ya zamani kulikuwa na watu walioogopa mapacha, ingawa jirani zetu Waganda waliwaheshimu wazazi wa mapacha kwa majina ya Ssalongo na Nnalongo. Hofu ilikuwa ya kweli kwa wale walioishika, na kwa sababu hiyo haikuondoka kwa kukemewa tu.

Mary alijifunza lugha ya Kiefik hata akaisema kama mwenyeji. Alikula chakula cha nchi, akatembea bila viatu, akakata nywele zake fupi, na sehemu kubwa ya mshahara wake akaipeleka kwao. Katika miaka ya kwanza ya 1880 aliokoa mapacha wawili, mvulana na msichana. Mvulana aliibwa kwa hila na jamaa zake akauawa. Msichana alibaki, na Mary akampa jina la Janie, ambalo lilikuwa jina la dada yake mwenyewe. Mwaka 1883, alipolazimika kurudi Uskoti kwa ugonjwa, hakumwacha mtoto yule nyuma. Alimchukua pamoja naye hadi nyumbani kwa mama yake.

Hapo twaona tofauti kati ya msaada na kufanya mwana. Msaada waweza kutolewa mlangoni, na mlango ukafungwa. Kufanya mwana ni kumpa mtoto jina la ukoo, na mahali mezani ambapo hakuna atakayemwinua. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi na Wagalatia, alitumia neno hili hili, kwa kuwa katika sheria ya Kirumi mtoto aliyefanywa mwana alipata baba mpya, jina jipya na haki ya urithi. Tena katika sura ya 8 ya Waraka kwa Warumi alifundisha kwamba waaminio wangali wakingoja kukamilishwa kwa jambo hilo. Maana yake, Mkristo ni kama mtoto aliyekwisha kupewa jina, lakini yuko njiani bado. Hajafika nyumbani kwa Baba.

Kufikia mwaka 1886 mama yake Mary na dada zake wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Huko Uskoti hakubakiwa na mtu wa kumngojea wala wa kumwandikia habari za kila siku. Huzuni yake ilikuwa kubwa. Lakini aliona kwamba sasa mbingu ilikuwa karibu naye kuliko nchi aliyozaliwa, na kwamba hakuna atakayefadhaika akienda mbali zaidi barani. Mwezi wa Agosti 1888 alihamia Okoyong, nchi ambayo wageni waliiogopa, akakaa huko miaka 15.

Wako watu ambao, wakisikia habari za makao ya mbinguni, hulegeza mikono na kusema kwamba dunia hii inapita. Kwa Bibi Slessor matumaini yale yale yalifanya kazi nyingine. Kwa kuwa hakuwa na makao ya kulinda duniani, nyumba yake ya udongo aliweza kuifungua kwa kila aliyetupwa. Watoto walilala kando ya kitanda chake, wachanga kati yao wakiletwa usiku katika hali ya kufa. Wengi walikufa kweli mikononi mwake, naye akawazika. Walioishi walilelewa kama ndugu, naye mwaka 1898 alisafiri nao wanne, Janie akiwa mkubwa wao, kwenda Uskoti.

Gharama ya maisha hayo haikuwa ndogo. Alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa misheni, Charles Morrison, lakini afya ya bwana huyo haikuweza kustahimili Okoyong, na wakubwa wa misheni hawakukubali ahamie huko. Mary hakutaka kuwaacha watu wake, na uchumba ukavunjika. Mwaka 1892 serikali ya Kiingereza ilimpa mamlaka ya kuamua mashauri katika Okoyong. Twakiri kwamba mamlaka hiyo ilikuwa ya utawala wa kigeni. Lakini wanawake walioonewa na wajane walipata barazani pake mtu wa kuwasikiliza.

Baadaye alisonga mbele kuelekea Itu, na huko Use akafungua makao ya wanawake na wasichana waliofukuzwa kwao. Huko ndiko alikofariki tarehe 13 Januari 1915, akiwa na umri wa miaka 66, wasichana aliowalea wakiwa wamemzunguka. Sala yake ya mwisho, ya kumwomba Mungu amfungue, aliisema kwa Kiefik, lugha ya watoto wake. Alizikwa Calabar.

Ni nini basi litupasalo? Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 humhesabu mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama kuwa sawasawa na mtoto aliyezaliwa na wazazi hao. Lakini sheria haiwezi kuulainisha ulimi wa jamaa amkumbushaye mtoto kila siku kwamba si wa hapa, wala haimzuii mama kumtuma kisimani wakati wenzake wako shuleni. Yatima aliyepewa chakula na kunyimwa jina angali nje ya mlango.

Kwa hiyo twawasihi wanachama wetu: mtu akimchukua mtoto, amchukue mzima, mbele ya sheria na mbele ya jamaa zake wote, na urithi usiachwe bila kutajwa. Sisi tunaojiita wana wa Mungu, tunaotumaini kupokelewa katika nyumba ambayo hatukuijenga, tutasema nini siku ile ikiwa huku duniani tulimfanya mtoto wa mwenzetu kuwa mgeni mezani petu?